Njia Isiyo na Hati

Paukwa! Pakawa. Hapo kale, kabla mabati hayajang'ara juani kutoka Makina hadi Soweto, na kabla tope la Kawangware halijajua uzito wa kiatu, palikuwa na msitu. Jina lenyewe ndilo shahidi. Askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, waliokalishwa huko mwanzoni mwa karne iliyopita, waliuita Kibra, yaani msitu kwa lugha yao, na ndimi za waliokuja baadaye zikalilainisha likawa Kibera. Mwaka 1918 ardhi hiyo ya askari ilihesabiwa kuwa zaidi ya ekari 4,000. Hati ya pamoja waliyokabidhiwa wajukuu wao mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Nayaweka haya mlangoni mwa hekaya kwa sababu hekaya yenyewe ni ya ardhi na hati, na ya viumbe ambao miguu yao iliijua njia kabla kalamu haijajua kuichora. Mimi nasimulia habari za paa.

Palikuwa na makundi mawili ya paa, moja likikaa Kibra na la pili Kawangware, ndugu wa damu waliotenganishwa na mabonde tu. Hawakuwa na pembe za kutisha wala sauti ya kufika mbali, na ukiwahesabu mmoja mmoja hutawaona kuwa kitu. Lakini nchi ile isingelala ikaamka bila wao. Kila alfajiri, umande ungali majanini, paa wa Kawangware walipandisha kwenda kwenye bustani za Lavington na Kileleshwa, ambako nyasi zilihitaji wa kuzipunguza na wenye bustani hawakupenda kuinama. Paa wa Kibra nao waliifuata reli kuelekea upande wa viwandani, kwenye mawe ya chumvi. Jua likishazama nyuma ya vilima vya Ngong walirejea kwa njia ile ile, kila mama akiwa amebana kidogo mdomoni kwa ajili ya aliowaacha. Ndiyo desturi ya paa tangu kuumbwa kwake. Si mnyama wa mchana kweupe wala wa usiku wa manane, bali wa mipaka ya siku, mwanga unapokuwa haba, kwa kuwa mchana una macho mengi na usiku una meno mengi.

Njia yao ilikuwa nyembamba kama mshipi. Haikuwa na jina wala nguzo ya mpaka, lakini kwato za bibi wa bibi zao zilikuwa zimeichimba hata mvua za masika zikaamini ni mkondo wao, zikawa zinapita humo humo. Mtoto wa paa aliijua kabla hajaachishwa ziwa. Aliifuata kwa pua, akinusa nyayo za mama yake, na mama alikuwa ameinusa ya mama yake, na hivyo hivyo hadi nyuma ambako hakuna akumbukaye.

Sasa katika nchi hiyo alitawala Nyati, na barazani pake waliketi Kiboko, mshika hazina na mkuu wa ujenzi, Tausi, msemaji, na Fisi, mlinzi wa amani. Mfalme alikuwa na madimbwi mawili, la mashariki ambako wageni hushukia na la magharibi ambako wakubwa hulala, na kati ya madimbwi hayo safari ilikuwa ikila asubuhi nzima. Basi likaletwa shauri kwamba litandikwe joka la lami, jeusi, pana, lililonyooka, ili majitu yenye magurudumu yawachukue wakubwa kutoka maji hadi maji kabla chai haijapoa. Shauri halikuwa baya. Nchi inahitaji barabara, na hata paa hawakulipinga. Walisikia habari zake wakafurahi kama walivyofurahi wengine, kwa kuwa hakuna aliyewaambia litapita wapi.

Korongo ndiye aliyetumwa kupima, maana ana miguu mirefu na huona kutoka juu. Alikaa siku nane kandokando ya Kibra na siku sita kandokando ya Kawangware, akihesabu kwato alfajiri na jioni, kisha akarudi barazani na ramani yake. Akasema, "Mheshimiwa, mstari huu mwekundu ni joka mlilolitaka. Na hii mistari midogo inayolikata ni njia za paa. Hapa huvuka wengi, hapa huvuka wengi zaidi, na hapa huvuka akina mama wenye watoto."

Kiboko aliitazama ile ramani kwa muda mrefu, jicho moja likiwa majini. "Njia hizo zina hati?" akauliza.

"Zina kwato," akajibu Korongo.

"Sikukuuliza hayo. Njia ni ile iliyochorwa na kutiwa muhuri. Hizo nyingine ni mikwaruzo." Akachukua kitambaa chenye maji, akaifuta ile mistari midogo mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto uso. Ramani ikabaki safi, ina mstari mmoja tu mwekundu, na baraza zima likakubali kwamba kazi iliyopangwa vizuri hupendeza macho.

Tingatinga zilikuja kabla ya jogoo wa pili. Msikilizaji wa Kibera aliyekuwa macho alfajiri ya tarehe 23 Julai 2018, nyumba zilipoangushwa na shule pamoja nazo, ataijua sauti hiyo na sitamsimulia. Vichaka vililazwa, mizizi ikaachwa ikielekea juu, na paa waliokuwa wakilala huko wakasogea wakabanana na wenzao, watano walipokuwa wakilala wawili. Kisha lami ikamwagwa. Ilinuka siku tatu. Siku ya nne joka lilikuwa tayari, na majitu yakaanza kupita.

Jioni ya siku hiyo mama mmoja wa Kibra alikuwa anarudi kutoka kwenye chumvi, nyuma yake mwanawe wa miezi minne. Alipofika njia yao inapokutana na lami alisimama, akainua mguu wa mbele, akaunusa ukingo. Palinuka ugeni, lakini ng'ambo ya pili palinuka nyumbani, tena palikuwa karibu kiasi cha kusikia watoto wengine wakilia njaa. Akaingia. Alipofika katikati, kutoka upande wa mashariki yakatokea macho mawili ya moto.

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa kuwa jambo hili limesemwa vibaya mno. Jicho la paa limeumbwa kwa ajili ya magharibi. Nyuma yake mna utando unaong'aa kama kioo, unaookota kila punje ya mwanga na kuirudisha mara ya pili ili hata nyota moja imtoshe kuona. Ndiyo maana ukimmulika usiku macho yake huwaka kama makaa. Jicho la namna hiyo, likiwa limefunguka lote kutafuta nyota, ukilitupia taa za jitu ni sawa na kummwagia pipa la maji mtu aliyekuomba tone. Haoni tena. Na paa asiyeona hufanya lile alilofundishwa na miaka elfu nyingi ya chui: huganda. Chui hunyemelea na hutafuta kinachotikisika, na wa kuganda ndiye aliyepona na kuzaa. Hakuna paa hata mmoja aliyetokana na bibi aliyekimbia ovyo. Hiyo ndiyo hekima yao yote, na iliwafaa, mpaka ukaja mwindaji asiye na njaa, anayekata karibu mita 28 kwa sekunde moja anapokwenda kilomita 100 kwa saa, ambaye hata akitaka kusimama hawezi kusimama alipo, kwa kuwa mwendo ukikua mara mbili, umbali wa kuvuta breki hadi kusimama hukua mara nne.

Mama aliganda. Jitu halikupunguza mwendo. Aliyekuwa ndani yake alisikia kishindo kidogo, akashuka kutazama taa yake, akaikuta nzima, akaendelea. Na mwana, aliyekuwa bado ukingoni, aliinua mguu wa mbele kama alivyomwona mama yake akifanya. Aliponea kwa sababu alichelewa kunusa.

Asubuhi, tonge la majani alilokuwa amelibana mama mdomoni lilikuwa bado katikati ya lami, bichi, limefungamana vizuri. Majitu yalipita juu yake mpaka saa sita mchana ndipo likatawanyika.

Baada ya huyo walifuata wengine, na si wa Kibra pekee. Huko Kawangware joka lilikuwa limezaa vijoka, vyembamba lakini vikali vile vile. Ilipokuja kiangazi mambo yakazidi kuharibika, maana maji machache ya mvua hukimbia juu ya lami na kumwagika kandoni, na huko kandoni majani hubaki mabichi wakati bonde zima limekauka. Basi paa walivutwa kwenye mdomo wa joka na chakula chenyewe, wakawa wanauza mboga zao, samahani, wakawa wanatafuna majani yao hatua moja kutoka kwenye magurudumu, kwa kuwa penginepo hapakuwa na riziki. Na paa hatembei peke yake. Akivuka mmoja yupo wa pili nyuma yake na wa tatu nyuma ya huyo. Jitu humwona wa kwanza, likampisha na kujisifu, likamkuta wa pili.

Vilio vilipofika ikulu, Mfalme aliagiza uchunguzi. Wakaitwa mabingwa wa macho, mabingwa wa masikio na mabingwa wa tabia. Walipima kichwa cha paa kwa uzi. Waliandika kurasa nyingi kuhusu uzembe wa paa, haraka ya paa, ukaidi wa paa na malezi ya paa. Aliyepima mwendo wa majitu hakuwepo, na hakuwepo aliyeulizwa kwa nini joka lililazwa pale lilipolazwa. Paa mwenyewe hakuitwa, kwa kuwa kikao kilifanyika karibu na dimbwi la magharibi, ng'ambo ya pili ya barabara.

Tausi akapanda kichuguu, akatandaza mkia, akatangaza matokeo: paa wanakufa kwa sababu hawatazami. Kuanzia siku hiyo kila paa afundishwe kutazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Tangazo likabandikwa kwenye miti. Paa wazee walilisoma wakatazamana. Macho ya paa yako pembeni mwa kichwa. Anatazama kulia na kushoto kwa wakati mmoja tangu siku anayozaliwa, na karibu hakuna upande asiouona. Asichokiweza ni kupima kasi ya kitu kinachomjia moja kwa moja kikikua tu bila kusogea pembeni, na hilo hakuna tangazo linaloweza kulifundisha. Lakini waliwafundisha watoto hata hivyo. Mzazi hafanyi mzaha na tangazo linalosema linaweza kumwokoa mwanawe.

Korongo, ambaye husafiri, hakuweza kuvumilia. Alirudi barazani bila kuitwa. "Niruhusuni nieleze niliyoyaona," akasema. "Huko Mlima Kenya, chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, kuna tundu kubwa lililochimbwa juu ya njia ya tembo kabisa, na tangu mwaka 2011 wanapita humo bila kukutana na gurudumu. Huko Mikumi, Tanzania, barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50; wamejenga matuta, na wameweka ubao wenye majina ya wanyama na faini ya kila mmoja, na anayelipa faini hiyo ni dereva. Nimeruka hadi Banff, Canada, nikaona madaraja yaliyopandwa miti juu ili kulungu adhani bado yuko msituni, na ua mrefu wa kumwongoza hadi darajani. Vifo vya kugongwa vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Reli mpya ilipoingia Mbuga ya Taifa ya Nairobi waliinyanyua juu ya nguzo kwa zaidi ya kilomita 6 ili twiga apite chini bila kuinama. Kutoka Kibra mpaka hapo paa anafika kabla jua halijapanda. Nchi hii inajua kujenga kwa ajili ya miguu."

"Hao ni tembo na twiga," akasema Kiboko. "Wageni hulipa kuwatazama. Nani amewahi kulipa kumtazama paa wa Kibra?"

"Wapo," Korongo akajibu kwa upole. "Huja na kofia na kamera, hutembezwa vichochoroni nusu siku. Malipo yao tu ndiyo hayajawahi kuvuka barabara."

Baraza likanyamaza, kisha likakata shauri: na wajengewe daraja. Nawaomba wasikilizaji wasilicheke daraja hilo, maana lilikuwa daraja la kweli, la chuma, na fedha zilizotumika zilikuwa za kweli. Lilijengwa mwendo wa nusu saa kutoka kwenye njia ya paa, karibu na dimbwi la mashariki, mahali ambapo ardhi ilikuwa tambarare na wageni wangeliona. Lilikuwa na ngazi 44 za kupanda na 44 za kushuka, kwa mnyama mwenye kwato, mwenye mimba, mwenye mzigo mdomoni. Siku ya ufunguzi utepe ulikatwa, ngoma zikapigwa, Tausi akapiga picha nalo. Nyumbu wawili waliokuwa wakipita waliombwa wapande na kushuka ili sherehe ikamilike.

Paa walijaribu. Wale waliokuwa na nguvu walizunguka kupitia lile daraja juma zima, wakafika kwenye chumvi jua likiwa limechomoza na mwenye chumvi akiwa ameshawafungia, siku ikapotea. Jioni waliporudi walikuta taa za darajani zimekufa na juu, penye kona, wamekaa fisi wadogo, wapwa wa Fisi mlinzi wa amani, wakimnyang'anya kila apitaye alichobeba mdomoni. Basi mama wa paa akipiga hesabu yake gizani, upande huu fisi wa hakika, upande ule jitu la pengine, huwa haamui kwa ujinga. Anaamua kama ambavyo ungeamua wewe ukisikia mtoto wako analia ng'ambo.

Kiboko alipoambiwa daraja ni tupu aliumia moyoni, tena kwa dhati. "Tumewajengea hawalitumii," akasema. "Hawa wanapenda kufa." Ikatungwa sheria kwamba paa atakayeonekana akivuka juu ya lami atatozwa faini, na Fisi akapewa kazi ya kuikusanya. Waliokufa hawakuwa na cha kutozwa. Kwa hiyo faini zao zilipelekwa kwa yatima wao.

Ndipo usiku mmoja, mvua za vuli zikiwa zimeanza, yule mwana aliyechelewa kunusa, ambaye sasa pembe zilikuwa zimechomoza kama vidole viwili, alishuka mtoni na kurudi na udongo mdomoni. Akautema katikati ya lami, pale pale njia ya zamani ilipopita, akarudi kuchukua mwingine. Hakumwambia mtu. Kabla ya usiku wa manane walikuwa paa thelathini, na wengine walitoka Kawangware, wamesikia kwa namna ambayo paa husikia. Wazee walileta mawe, akina mama udongo wa mfinyanzi, watoto mchanga. Waliyapisha majitu, wakarudi, wakayapisha tena. Kulipopambazuka palikuwa na tuta, halikunyooka, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, lakini limekanyagwa likashikana.

Jitu la kwanza lilifika mbio, likaliona, likanguruma, likapunguza. La pili vile vile. Na jitu likipunguza, taa zake hukawia, na jicho hupata muda wa kuzoea, na mguu uliokuwa umeganda hukumbuka kwamba una kazi. Siku ya kwanza walivuka wote. Siku ya pili walivuka wote. Siku tisa mfululizo joka halikula paa hata mmoja wa Kibra, na wakubwa walifika kwenye dimbwi la magharibi chai ikiwa bado vuguvugu.

Siku ya kumi tingatinga lilikuja, na nyuma yake Fisi akiwa na karatasi. Alisoma kwamba kuna kitu kimejengwa barabarani kisicho na hati, hakikuchorwa wala hakikutiwa muhuri. Korongo alisimama mbele ya tingatinga akiwa na ramani yake ya zamani, ile iliyofutwa, ambayo alikuwa ameichora upya kwa mdomo wake mwenyewe. Waliichukua wakasema itasomwa. Tuta lilikwanguliwa kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha uji, na lami ikarudi kuwa laini, nyeusi, iliyonyooka.

Jioni ikaingia. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Paa walikusanyika ukingoni kama kawaida yao, majani midomoni, wakisubiri, na majitu yakapita mbio, taa nyeupe zikija na taa nyekundu zikienda. Nyuma ya wote, akipanda kutoka mtoni, alikuja yule mwenye pembe kama vidole. Hakuwa amebeba majani. Udongo ulikuwa ukimchuruzika kwenye kidevu pamoja na maji ya mvua, naye alisimama na mguu mmoja juu, akingoja nafasi.